Koroboi Haikukaa Kabatini

Wakusanyaji wa vitu vya kale huko Marekani wana taa wanayoiita kwa jina la filamu: Gone with the Wind. Ni taa ya mafuta yenye matufe mawili ya kioo, moja chini likizunguka tangi, jingine juu likifunika chemni. Yote mawili yamechorwa kwa mkono: mawaridi, ndege, pengine kijumba kando ya kijito. Rangi zilipakwa kwa brashi, kisha kioo kikarudishwa tanurini mpaka rangi ikashikamana nacho. Filamu hiyo ya mwaka 1939 inasimulia enzi za vita vya 1861 hadi 1865, na taa za namna hiyo zinaonekana humo sebuleni. Kumbe taa zenyewe zilishika soko tangu miaka ya 1880, vita vikiwa vimekwisha zamani. Waliotengeneza filamu walikosea, lakini jina likabaki.

Sasa shika koroboi. Ni kopo la maziwa ya unga au la kakao, limezibwa juu kwa kipande cha bati. Katikati ya bati hilo pamepenyezwa mrija mwembamba, na ndani ya mrija mna utambi wa pamba, mara nyingi kipande cha fulana iliyochakaa. Ubavuni kuna ukanda wa bati uliokunjwa uwe mkono wa kushikia. Kioo haina. Wajaluo huiita nyangile, na ukivuka mpaka wa Kenya na Tanzania pale Isebania kwenda Sirari, kitu kile kile kinageuka kuwa kibatari. Hii ndiyo taa iliyomulika vitabu vya watoto, sufuria za ugali na vitanda vya wagonjwa katika Homa Bay na Migori kwa vizazi kadhaa.

Taa hizi mbili zilikunywa mafuta ya aina moja na kuyavuta kwa utambi wa pamba ule ule. Moja leo iko kwenye kabati la kioo na mwenyewe anaifuta vumbi kwa kitambaa laini. Nyingine imeliwa na kutu katika shimo la taka nyuma ya jiko. Kwa nini?

Wengi watajibu haraka: kwa sababu moja ni nzuri na nyingine ni mbaya. Jibu hilo halitoshi. Kuna vitu vingi vizuri vilivyopotea, na kuna vingi visivyo na sura vilivyotunzwa. Nionavyo mimi, kilichoamua ni kazi. Taa iliyopona ni ile iliyopata kupumzika. Taa ya sebuleni iliwashwa mgeni akija, kisha ikarudi mezani kungoja mgeni mwingine. Koroboi haikuwa na siku ya mapumziko, na kitu kinachotumika kila siku hufia kazini.

Mafuta yalivyofika ziwani

Historia ya mafuta ya taa si ndefu. Abraham Gesner, daktari na mwanajiolojia wa Kanada, alionyesha watu mafuta hayo mwaka 1846. Mwaka 1853 mfamasia Ignacy Łukasiewicz aliwasha taa yake katika hospitali moja ya mji ambao leo unaitwa Lviv, madaktari wakapasua mgonjwa usiku. Mwaka 1859 kisima cha Edwin Drake kikatoa mafuta ghafi huko Pennsylvania, na bei ya mwanga ikaanza kushuka duniani. Taa zenye maua ni zao la ushukaji huo: mafuta yalipokuwa rahisi, mwenye nacho alitafuta namna nyingine ya kuonyesha kwamba anacho, akaihamishia kwenye kioo.

Huku kwetu Pwani ilitangulia. Zanzibar ya karne ya 19 ilifanya biashara na meli za Marekani, na masultani na matajiri walipamba kumbi zao kwa vioo na taa kutoka Ulaya. Bara ilingoja reli. Reli ya Uganda ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, mwaka 1901. Kutoka hapo meli za ziwani zilibeba bidhaa hadi Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, na maduka ya Wahindi yakazitawanya bara. Waadventista walifungua misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Ikiwa kuna taa ya kioo kilichochorwa iliyowahi kuwaka Nyanza Kusini, bila shaka ilipita njia hiyo, na ilikaa katika nyumba ya mmisheni, ya ofisa au ya mwenye duka. Haikuwa taa ya kijijini.

Kilichofika kijijini ni kifungashio. Mafuta ya taa yalisafirishwa katika mikebe ya bati ya lita 18 hivi, miwili katika kila sanduku la mbao. Mkebe huo ndio debe. Mafuta yakiisha, debe liliteka maji, likapima mahindi, likakunjuliwa likawa paa. Hata leo ukienda sokoni Homa Bay kununua omena kwa wingi, utasikia bei kwa debe na kwa gorogoro. Omena huvuliwa usiku kwa mwanga, na kwa miaka mingi mwanga huo ulitoka kwenye mafuta ya taa. Basi debe lililoleta mafuta ndilo lililokuja kumpima samaki aliyevuliwa kwa mafuta yale. Sijui kipimo kingine kilichozunguka hivyo.

Ngazi ya taa

Taa za mafuta zilikuwa na ngazi yake, na kila mtu alijua jirani yake yuko kidato gani.

Chini kabisa ni koroboi. Aliyeitengeneza ni fundi wa jua kali mwenye mkasi wa bati, nyundo na chuma cha kulehemu. Kopo alilipata bure au kwa bei ya kutupa. Uzuri wake, kama mtu anautafuta, uko hapo hapo kwenye kopo: chapa ya kiwanda, picha ya mtoto mnene au ng'ombe, maneno ya maelekezo ambayo utambi umeyapitia katikati. Yale ndiyo maua yake. Na yana faida ambayo mawaridi hayana, kwa kuwa chapa ya kopo hukuambia ni bidhaa gani iliuzwa dukani wakati huo, na hivyo hukuambia taa ni ya miaka gani hivi.

Juu yake ni taa ya chemni, wengine husema chemli. Mfumo wake ni kazi ya John Irwin, Mmarekani aliyebuni taa za mirija katika miaka ya 1860 na 1870, na kampuni ya Dietz ya New York ndiyo iliyozisambaza dunia nzima. Mirija miwili ya pembeni huongoza hewa hadi kwenye moto, na kioo huuzuia upepo. Kwa nyumba ya mwalimu au karani, chemni ilikuwa alama. Ilikuwa pia kazi ya jioni ya mtoto: kutoa kioo, kukipumulia, kukisugua kwa karatasi au jivu hadi masizi yaishe, na kuomba Mungu kisipasuke, maana kioo kilikuwa cha kununua na kipigo kilikuwa cha bure.

Kileleni ni karabai. Ndani yake mna mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni kijifuko cha nyuzi kinachowaka cheupe, alichokibuni Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1885. La pili ni pampu inayosukuma mafuta yawe mvuke, na jina lililovuma ni Petromax, la Max Graetz wa Berlin, tangu mwaka 1910. Karabai ilipigwa pampu, ikavuma kama nyuki, ikageuza kiwanja kuwa mchana. Hukuinunua kwa ajili ya kusoma. Ilikuwa taa ya hadhara: kesha la matanga, harusi, mkutano wa injili. Na zaidi ya yote ilikuwa taa ya ziwani.

Katika ngazi hii hakuna mahali pa tufe lenye mawaridi. Ngazi yetu ilipimwa kwa kiasi cha mwanga na kwa uwezo wa kuuhimili upepo. Kule, taa ilipanda cheo kwa kuchorwa. Huku ilipanda cheo kwa kufanya kazi ngumu zaidi.

Usiku wa omena

Nenda Mbita, Rusinga, Sori au Muhuru Bay usiku wa giza. Wavuvi wa omena, samaki ambaye Watanzania humwita dagaa na Waganda mukene, hufuata kalenda ya mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina maana, kwa hiyo mtu hukaa nyumbani akishona wavu. Giza likirudi, mitumbwi hutoka jioni. Enzi za karabai, kila taa ilifungwa juu ya chelezo kidogo cha mbao, ikatiwa nanga ya jiwe, ikaachwa ielee peke yake. Zilipangwa mstari, kisha mtumbwi ukasogea kando kusubiri.

Mwanga huvuta wadudu na vijidudu vya majini, omena hufuata chakula chake, na baada ya saa kadhaa maji chini ya taa huchemka kwa samaki. Wavuvi huizungushia taa wavu wa matundu madogo, mmoja huitoa taa taratibu, wengine huvuta. Usiku mmoja taa ile ile ingeweza kuzungushiwa wavu mara kadhaa. Mawimbi yakairukia, mvua ikaipiga, kijifuko cha nyuzi kikapukutika kwa mtikisiko mmoja, kijitundu cha mvuke kikaziba na kuhitaji kudungwa kwa sindano gizani, huku mtumbwi ukiyumba. Mtu aliyezoea kazi hiyo hangeweza kukuelewa ukimwambia kwamba kuna mahali taa hupewa heshima kwa kutowashwa.

Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Karabai za ziwani zilikuwa nyingi, za chuma kizuri, nyingine zimetoka viwanda vya Ujerumani. Kwa kipimo cha wakusanyaji zilistahili kutunzwa. Lakini iliyoharibika iling'olewa pampu ili kuiponya nyingine, tangi likazibwa likazibwa tena, na mwisho likauzwa kwa wenye vyuma chakavu. Hazikukosa thamani. Thamani yake ilitumika yote mpaka tone la mwisho.

Gharama ambayo haionyeshwi

Anayeitazama taa ya kale kwa mapenzi husahau haraka moshi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima taa za utambi zisizo na kioo, aina ya koroboi, ukakuta kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayochomwa hugeuka masizi meusi. Kuni zinazowaka kwa kawaida hutoa masizi ya kama nusu ya asilimia moja tu. Kila aliyesoma kwa koroboi anaijua takwimu hiyo kwa njia nyingine: asubuhi ukipenga kamasi, leso inakuwa nyeusi. Ongeza nyasi za paa zilizoshika moto, mtoto aliyekunywa mafuta akidhani ni maji kwa kuwa yaliwekwa kwenye chupa ya soda, na mafuta yaliyochanganywa na petroli yakalipuka mkononi mwa mama.

Kisha pesa. Maskini hununua mwanga kwa rejareja. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei za juu kila tarehe 14 ya mwezi, lakini tangazo hilo ni la kituo cha mafuta. Kibandani mafuta hupimwa kwa chupa au kwa kifuniko, ya shilingi kumi, ya shilingi ishirini, na kila mkono yanayopitia huongeza chake. Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Wachanganyaji waliondolewa faida, kweli, lakini mwenye koroboi alilipa faini ya kosa ambalo hakulitenda.

Kwa hiyo taa yenye maua na koroboi zinatofautiana pia katika hili: ya kwanza ilisahau gharama yake zamani, ya pili bado inadaiwa. Ni vigumu kukipenda kitu ambacho jana tu kilikuwa kinakula hela ya chumvi.

Ilivyoondoka

Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba karibu nyumba 7 kati ya 10 nchini Kenya zilitegemea mafuta ya taa kwa mwanga, na koroboi peke yake ilikuwa katika karibu 4 kati ya 10. Sensa ya 2019 ikakuta nusu ya nyumba zina stima na karibu 1 kati ya 5 zinatumia sola. Miaka 10 tu, na taa iliyokaa karne nzima ikasukumwa kando.

Stima ilisaidiwa na mpango wa Last Mile wa mwaka 2015, ambao ulishusha ada ya kuunganishiwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Sola ilisaidiwa na jambo ambalo naona wachambuzi hulipita haraka: ilijifunza kulipwa kama mafuta. M-KOPA, iliyoanza kuuza mwaka 2012, haikumwambia mtu alete bei yote. Ilimwambia alipe kidogo kidogo kwa simu, siku kwa siku, kama alivyokuwa akinunua mafuta ya shilingi ishirini. Koroboi ilishindwa na taa iliyoiba tabia yake.

Ziwani safari ilianza mapema. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Ujerumani, Osram, ilifungua kituo cha sola Mbita katika mradi ulioitwa Umeme kwa Wote, wavuvi wakichukua taa za betri na kulipia kuzichaji. Wavuvi si watu wa kurukia kitu. Betri inayozimika saa nane za usiku katikati ya maji ni hasara ya usiku mzima, na wahenga walishaonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Karabai ilibaki akiba mpaka taa za LED zikawa imara na bei ikapungua. Leo mwanga mwingi ulioko majini ni mweupe na hauna mvumo, na ukipita ufuoni asubuhi utaona vijana wamebeba betri badala ya madumu ya mafuta.

Sheria inasemaje

Basi tufanye nini na zilizobaki? Hapa sheria yetu ina jambo la ajabu. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kinachohamishika kuwa cha kale endapo kilitengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kumbuka reli ilifika Kisumu 1901. Taa ambayo reli iliileta Homa Bay au Migori, iwe ya mawaridi, ya chemni au karabai, imechelewa kwa kipimo hicho. Ukanda mzima wa ziwa, kwa upande wa mwanga wa mafuta, hauna kitu cha kale.

Sheria hiyo hiyo inatoa ulinzi wa pekee kwa milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Ni jambo jema, kwa kuwa milango ya Lamu ingekuwa imekwisha kusafiri. Lakini angalia mpangilio: kilichokingwa kwa jina ni pambo la mwenye nyumba kubwa ya Pwani. Kwa vingine, waziri anaruhusiwa kutangaza kitu chochote chenye maana ya historia au utamaduni kuwa cha kulindwa. Mlango huo wa sheria uko wazi, ila sidhani kuna aliyewahi kuupitishia kopo.

Kuna watakaosema kuiweka koroboi makumbushoni ni kuupamba umaskini. Hofu hiyo ina msingi. Hoteli hutundika chemni zikiwa zimetiwa balbu, na mgeni hulipia giza la kuigiza. Hata wakusanyaji wa Marekani hulia kuhusu hilo: taa ya zamani iliyotobolewa kupitisha waya hupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Wao humkagua muuzaji kwa makini. Huliinamisha tufe kwenye mwanga kutafuta nyayo za brashi, maana mchoro wa mkono una petali moja nene kuliko ya pili, na ule uliobandikwa una vinukta vilivyojipanga sawasawa. Umakini huo huo ukihamishiwa kwenye koroboi hautapamba chochote. Utauliza kopo lilikuwa la nini, ulehemuji ni wa fundi wa wapi, na kwa nini mrija huu ni mfupi kuliko ule.

Mahali pa kuanzia papo. Kisumu ina makumbusho ya taifa, na kisiwa cha Mfangano kina Makumbusho ya Amani ya Abasuba, yaliyoanzishwa na jamii yenyewe. Shule za Nyatike na Ndhiwa zina watoto ambao bibi zao bado wanajua kusokota utambi. Hakuna linalohitaji bajeti kubwa. Linalohitajika ni kuwahi, kwa kuwa bati halingoji. Kioo chenye mawaridi kitakuwepo miaka 100 ijayo hata kikisahauliwa darini, lakini koroboi iliyoachwa nje misimu miwili ya mvua inabaki alama ya kutu ardhini.

Na ikipatikana, isiwekwe peke yake. Taa ya kule hujieleza kwa sura yake, ya huku inahitaji karatasi pembeni. Kwenye karatasi hiyo paandikwe kopo lilikuwa na nini, fundi alikaa soko gani, nani alikuwa mtoto wa kutumwa mafuta jioni, aliyatia katika chupa gani, na shilingi ngapi zilitosha kulala bila giza. Kama ni karabai, paandikwe ufuo, na jina la mvuvi aliyeizima mara ya mwisho.